Usaili wa Kazi ya Programu: Msaili Asikie Unavyofikiri

Wapo vijana wanaoandika programu vizuri kabisa, lakini wakiingia kwenye usaili wanakwama. Wakipewa swali huinama kimya, wakaandika, wakafuta, hadi muda ukaisha. Msaili anabaki hajui walikuwa wakiwaza nini, naye alitaka hasa kuona namna mtu anavyoliendea tatizo. Basi jizoeze kusema unachofikiri huku mikono ikiandika.

Uliza kwanza

Kuna swali linalopendwa sana: umepewa orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni 16. Usikimbilie kibodi, kuuliza si ujinga. Je, namba zinaweza kujirudia? Zimepangwa? Nirudishe namba zenyewe au nafasi zake? Jozi isipopatikana nirudishe nini?

Kisha jaribu kwa mkono: 3, 8, 5, 11. Jibu ni 5 na 11. Mtego uko kwenye 8: iko moja tu, kwa hiyo huwezi kuijumlisha na yenyewe. Mtego huo utaje kabla hujaandika mstari wowote.

Anza na njia rahisi, kisha iboreshe

Njia rahisi ni kulinganisha kila namba na nyingine zote. Itaje pamoja na gharama yake: orodha ya namba 10,000 ina jozi karibu milioni 50. Halafu boresha. Pitia orodha mara moja, na kwa kila namba jiulize imepungua ngapi kufika 16. Kama hiyo iliyopungua umeshaihifadhi kwenye kamusi ya programu, umemaliza. Kama bado, hifadhi namba uliyonayo na uendelee. Kwa kuwa unaangalia kabla ya kuhifadhi, 8 haiwezi kujikuta yenyewe. Sasa unapita namba 10,000 tu, ila unatumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta. Msaili anataka kusikia unavyopima faida na gharama namna hiyo.

Fanya mazoezi kwa mada

Anza na orodha na kamusi, kisha foleni, miti na grafu. Swali likikushinda kwa nusu saa, soma suluhisho, lifunge, uliandike upya bila kuchungulia. Baada ya siku chache lirudie. Andika pia kwenye daftari au hati tupu, maana si kila kampuni itakupa kihariri kinachokukamilishia maneno. Mwombe rafiki akusaili, na kama usaili wenyewe utakuwa kwa Kiingereza, jieleze kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Jiandae kwa maswali ya mifumo

Mwenye uzoefu huulizwa namna ya kujenga mfumo mzima. Chukua malipo kwa simu: mteja kabonyeza “lipa”, mtandao ukakatika, akabonyeza tena. Utahakikishaje hakatwi mara mbili? Lipe kila ombi la malipo namba yake ya pekee, na mteja akijaribu tena, ombi liende na namba ileile. Seva ikiiona mara ya pili, irudishe majibu ya mwanzo bila kukata pesa tena.

Andaa visa vya kazi yako

Utaulizwa kuhusu kutoelewana na mwenzako, kazi iliyoharibika, au muda uliokubana. Eleza hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, na matokeo yakawaje. Ukisema “tulifanya” tangu mwanzo hadi mwisho, mchango wako hautaonekana.

Ukikwama, sema

Taja ulipofika na kinachokuzuia. Msaili akikudokezea jambo, lipokee na ulifanyie kazi palepale. Hata kazini utasaidiwa na wenzako. Ukitoka, andika siku hiyohiyo maswali yaliyokusumbua, kwa matumizi yako mwenyewe, na mada zake ndizo uanze nazo mazoezi ya usaili unaofuata.