Urojo: Umetoka Wapi, na Tuuleje kwa Usalama?

Safari hii tunaongelea urojo. Ndiyo, urojo huuhuu unaoula jioni ukitoka shule au ukishuka kwenye daladala. Wengine wanauita Zanzibar mix, wengine wanasema "miksi" tu. Uwe unakaa Mbweni, Bunju au Tegeta, au upande wa pili wa mji kule Temeke na Mbagala, bila shaka umeshawahi kusimama mbele ya ndoo ya rojo la njano na kuambiwa, "Niweke pilipili?"

Baada ya kusoma somo hili utaweza kueleza mambo matatu: vitu vilivyomo kwenye urojo vimetoka wapi, umefikaje kwetu, na ni wapi ndani ya bakuli hilo ugonjwa unaweza kujificha.

UROJO NI NINI?

Neno lenyewe linajieleza. Kitu kikiwa kizito lakini kinamwagika, tunasema ni rojorojo. Urojo ni mchuzi wa unga wa ngano uliokorogwa na maji, ukatiwa manjano, chumvi na kitu kikali kama embe bichi, ndimu au ukwaju. Ndani yake hutiwa viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki na hata yai. Juu hunyunyiziwa chipsi nyembamba za muhogo, halafu chatini ya nazi na pilipili. Kila muuzaji ana mkono wake. Ndiyo maana watu hupita vibanda vitatu kwenda kwa yule mmoja wanayemwamini.

VILIVYOMO VIMETOKA WAPI?

Hebu tulipekue bakuli. Bajia, kachori na chatini ni vyakula vya Kihindi, na majina yake pia. Wafanyabiashara wa Kihindi wamefika pwani yetu kwa karne nyingi, lakini waliongezeka sana katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Wengi wao walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Manjano na mwembe pia asili yake ni Asia.

Sasa angalia muhogo, viazi mviringo na pilipili. Vyote vitatu asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari kwa meli za Wazungu baada ya mwaka 1492, na Wareno ndio waliochangia sana kuleta muhogo na pilipili Afrika. Nazi ni ya pwani yetu tangu zamani, lakini nayo asili yake ni mbali, upande wa Asia.

Kwa hiyo mtu akikuambia urojo ni wa Wahindi, amesema nusu ya ukweli. Huko India hutaukuta kama ulivyo. Vitu vilitoka kila upande, lakini aliyevikutanisha katika bakuli moja ni Mswahili wa Unguja. Na mahali panapojulikana zaidi kwa urojo mpaka leo ni Mji Mkongwe, hasa pale Forodhani jioni jua likishazama.

WENZETU WA VIETNAM

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Vietnam kuna supu ya tambi za mchele iitwayo pho, ambayo huuzwa mitaani kama urojo wetu. Ilianza upande wa kaskazini, maeneo ya Nam Dinh na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Ufaransa. Wafaransa walipenda nyama ya ng'ombe, hivyo mifupa ya kuchemshia supu ikapatikana kwa wingi. Wachina nao walikuwa na ujuzi wa siku nyingi wa tambi na supu. Mvietnam akaviunganisha, akavitia viungo vyake, ikawa pho.

Mwaka 1954 nchi iligawanyika, na watu wa kaskazini wapatao milioni moja wakahamia kusini. Pho ikaenda nao, na kule kusini ikaongezwa majani mabichi na sosi. Vita vilipokwisha mwaka 1975, wakimbizi waliibeba hadi Marekani, Ufaransa na Australia. Leo supu iliyoanza kwa kubebwa begani na muuzaji inaliwa dunia nzima.

KUTOKA UNGUJA HADI MBWENI

Urojo nao umesafiri na watu. Kati ya Unguja na Dar es Salaam watu wamekuwa wakivuka tangu enzi za majahazi: wafanyabiashara, wavuvi, wanafunzi, watu walioolewa ng'ambo. Hata majina ya mahali yanafanana. Kuna Mbweni ya Unguja, kusini kidogo mwa Mji Mkongwe, na kuna Mbweni yetu hii ya Kinondoni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Wazanzibari wengi walihama, wengine wakaja Bara, wengine wakaenda Omani na Uingereza. Mapishi hayahitaji pasipoti. Anayehama anaweza kuacha nyumba na mali, lakini mkono wa mama yake jikoni anaondoka nao.

Hapa Dar urojo umekuwa pia ajira. Dada au kaka aliyemaliza shule na hana kazi anaweza kuanza na jiko, sufuria, ndoo na bakuli chache. Ndiyo maana hatusemi "acheni kula mitaani". Ukisema hivyo unamnyima mwenzako riziki, na wewe mwenyewe kesho jioni utarudi palepale! Tunachosema ni tuule tukijua.

UGONJWA NAO HUPITA NJIA ILEILE

Njia inayoleta viungo na mapishi ndiyo hiyohiyo inayoleta maradhi. Daktari mmoja aliyefanya kazi Unguja, James Christie, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Alionyesha kwamba ugonjwa huo ulifuata vyombo vya baharini na misafara ya biashara. Palipopita watu, nao ulipita.

Usidhani hayo ni ya zamani tu. Agosti 2015 mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulianzia hapahapa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Kutoka hapo ukaenea mikoa mingi ya Bara na Zanzibar. Kufikia mwaka 2016 wagonjwa zaidi ya 20,000 walikuwa wameripotiwa, na mamia walikufa. Kijana mwenye nguvu zake anaweza kuanza kuharisha asubuhi na akafa kabla ya siku kwisha, kwa sababu tu maji yamemwishia mwilini.

HATARI IKO WAPI KWENYE BAKULI?

Vijidudu vya kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Huingia kwenye maji, mikono au chakula, halafu huingia mdomoni kwako. Moto huviua. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: je, ni kitu gani kimeingia kwenye bakuli hili baada ya moto?

1. Mchuzi. Ukichemka na kutokota, ni salama. Tatizo ni pale unapokaribia kwisha na wateja bado wapo, muuzaji akaongeza maji ya ndoo ili ufike kwa wote. Hapo kazi yote ya moto imeharibika, mpaka uchemke tena.

2. Chatini ya nazi. Hii haipikwi. Imekunwa kwa mkono, ikasagwa na maji. Maji hayo yakiwa machafu, uchafu umeingia moja kwa moja.

3. Viazi, mishkaki na mayai yaliyopikwa mapema. Chakula kilichoiva kikikaa kwenye joto letu la Dar, vijidudu huzaana. Vingi vikipata mazingira mazuri huongezeka mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu: kijidudu 1 saa sita mchana kinaweza kuwa zaidi ya 4,000 ikifika saa kumi jioni. Chakula kisikae zaidi ya saa 2 bila moto au barafu.

4. Bakuli na kijiko. Ndoo moja ya maji, bakuli arobaini. Anayekula wa mwisho anakula na wote waliomtangulia.

5. Mikono. Ileile iliyopokea pesa ndiyo inayochukua bajia.

Wapo wanaosema, "Urojo ni mkali, ndimu inaua kila kitu." Ni kweli kwamba vijidudu vya kipindupindu havipendi ukali wa ndimu, lakini usiutegemee. Huwezi kujua ukali umetosha, na vijidudu vingine huvumilia. Pilipili nayo itakutoa jasho tu, haiui kipindupindu.

Na maji ya kisima je? Mbweni na vitongoji vingi vya pembezoni bado kuna watu wanaotumia visima na maji ya kununua kwa madumu. Maji kuwa meupe na matamu si ushahidi kwamba ni salama. Yachemshe mpaka yatokote, au yatie dawa ya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

WEWE UNAYEKULA

- Nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni.
- Chagua kibanda ambacho mchuzi uko jikoni na unafuka moshi.
- Kama chatini huiamini, sema, "Dada, mimi bila chatini." Si aibu.
- Nenda na bakuli na kijiko chako safi ukiweza.

WEWE UNAYEUZA

- Weka ndoo ya bomba na sabuni mbele ya wateja. Mteja akiona, anarudi.
- Osha vyombo kwa sabuni, suuza kwa maji safi, na ubadilishe maji mara kwa mara.
- Tengeneza chatini kidogo kidogo, kwa maji yaliyochemshwa.
- Tumia koleo au uma, na mwenzako mmoja ashike pesa.
- Ukiharisha, pumzika. Hasara ya siku mbili ni ndogo kuliko mtaa mzima kuugua. Kipindupindu kikiingia, vibanda vyote hufungwa, hata vya wasafi.

KAMA TUMBO LIMESHAANZA

Usisubiri, na usione haya. Anza kunywa dawa ya maji chumvi ya pakiti, inayoitwa ORS. Kama huna, chukua lita 1 ya maji safi, tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kufuta, visijae kilima. Koroga, kunywa kila unapoharisha, huku ukielekea kituo cha afya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, hiyo ni dharura. Ukimpeleka mwenzako mapema, kipindupindu kinatibika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KLABU YENU

1. Chukueni chakula kingine mnachokipenda, kwa mfano pilau, chapati au mandazi. Vilivyomo vimetoka wapi, na vilikuja na nani?
2. Tembeleeni kibanda kimoja cha urojo kwa heshima. Ni vitu vingapi vinaingia kwenye bakuli baada ya moto?
3. Rafiki yako anauza urojo na ndoo yake ya kuoshea ni chafu. Utamwambiaje bila kumvunjia heshima wala kumfukuzia wateja?

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote. Lijaribuni kwa igizo: mmoja awe muuzaji, mmoja mteja, kisha mbadilishane. Maneno mtakayoyapata hapo ndiyo mtakayoyatumia jioni kibandani.