Krismasi Imekwisha: Mmebaki na Nini Nyumbani?



Pango limerudishwa sandukuni huko sakristia, na mapadre wetu wamevaa tena kijani. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ikishapita, Kanisa huingia katika Kipindi cha Kawaida, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika mwaka wa Kanisa, majuma 33 au 34. Nyumbani nako mambo yamekuwa ya kawaida, tena ya kawaida iliyo ngumu. Wageni wameondoka. Wengine wetu tumerudi mjini kwa nauli iliyopandishwa. Shule zimefunguliwa na karo inadaiwa, sare ya mwaka jana imekuwa fupi, na mwenye nyumba hataki kusikia kwamba mshahara wa Desemba ulilipwa mapema, kabla ya sikukuu, na kwamba kutoka hapo hadi mwisho wa Januari ni majuma matano au sita. Si ajabu watu wakaupa mwezi huu jina la Njaanuari.

Katika somo la leo sitafundisha namna ya kupata pesa. Wapo wanaojua kazi hiyo kuliko mimi. Nataka tutazame jambo ambalo sisi makatekista hulisikia sana mwezi huu tunapotembelea Jumuiya: watu wawili waliocheka pamoja usiku wa Krismasi sasa wanapitana mlangoni kama wapangaji.

Yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kilichokwisha. Pesa zimekwisha, ndiyo. Lakini katika nyumba nyingi mazungumzo hukwisha kabla ya unga. Baba anarudi usiku watoto wakiwa wamelala. Hakuwa amelewa, la. Alikuwa akizungukazunguka kituoni kwa sababu akifika mapema ataulizwa habari ya karo naye hana jibu. Mama naye alichukua mkopo kwa simu ili watoto wapate nguo za Krismasi. Sasa simu ikilia anatoka nje kuipokea, na mume anaanza kuwa na mawazo mengine. Wanaongea maneno mawili tu, "Nipe" na "Sina." Usiku kila mmoja anageukia ukuta wake. Na moyoni kila mmoja anafanya hesabu: jamaa za nani walikula zaidi, nani alitaka mbuzi achinjwe, nani alimpa shemeji nauli. Ndugu zangu, mbuzi huyo ameshaliwa. Hata mkilumbana hadi Pasaka hatarudi zizini.

Furaha ndogo ndogo nitakazozitaja haziwezi kukaa katika nyumba yenye siri ya namna hiyo. Kwa hiyo tuanze na deni.

Tafuteni jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mketi mezani na daftari kuukuu la mtoto na kalamu ya risasi. Andikeni yote. Karo, kodi, duka la jirani ambako mlichukua sukari na mafuta, mchango wa chama, na lile deni ambalo mmoja wenu amelificha. Hilo la mwisho ndilo gumu, na yule anayelisikia kwa mara ya kwanza asirushe kalamu. Akitukanwa leo mwenzako kwa kusema kweli, mwaka ujao hatasema. Kisha amueni ni nani atalipwa kwanza, ni nani ataombwa asubiri, na nani kati yenu atakwenda kuongea naye. Kwa mwalimu mkuu nendeni wote wawili kama mnaweza, maana mzazi anayekuja kujieleza kabla hajaitwa husikilizwa vizuri zaidi kuliko anayejificha. Mkimaliza, fungeni daftari na mpange siku ya kulifungua tena, tuseme Jumamosi ya pili. Katikati hapo habari za deni zisiletwe mezani wala kitandani. Wasiwasi usiopangiwa siku yake hula siku zote, na ndiyo maana nasisitiza jambo hili dogo la kuupangia siku.

Sasa twende hekaluni.

Tarehe 2 Februari, siku 40 baada ya Krismasi, tunaadhimisha Kutolewa Bwana Hekaluni na kubariki mishumaa. Wengi wetu tunakwenda na mshumaa wetu na kurudi bila kutazama kile ambacho Yosefu alikuwa amekishika mkononi. Mwinjili Luka katika sura ya pili anataja ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Fungua kitabu cha Walawi 12:8 utaona sababu. Mama aliyejifungua alipaswa kuleta mwanakondoo pamoja na ndege mmoja, lakini yule asiyeweza kumpata mwanakondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili. Hiyo ndiyo sadaka ya maskini. Basi, siku 40 baada ya malaika kuimba, Familia Takatifu ilikuwa na mfuko kama wetu wa Januari. Yosefu hakubaki nyumbani kwa aibu ya kukosa mwanakondoo. Walikwenda wawili, wakatoa walichokuwa nacho, na huko huko wakakutana na wazee wawili waliowafurahia mtoto wao.

Mmoja wa wazee hao ni Ana binti Fanueli. Luka anasema aliishi na mumewe miaka 7 tu, kisha akawa mjane mpaka uzee wa miaka 84. Miaka 7! Kati ya wanaosoma ukurasa huu wapo waliokaa pamoja miaka 15 na 20, na wapo wajane katika Jumuiya zetu ambao wangetoa mengi ili wapate jioni moja tu ya kumsikia mzee akikohoa mlangoni na kuuliza kama kuna chai. Sisi tulio na wenzetu wakiwa hai tunaipitisha jioni hiyo kwa kununa.

Mtaniuliza, hizo furaha ndogo ni zipi? Katika wosia wake juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia wa mwaka 2016, marehemu Papa Fransisko aliwaelekeza wanandoa (namba 226) kwenye mambo ya kila siku: kubusiana asubuhi, kubarikiana jioni, kumngoja mwenzako na kumpokea anapofika, kusaidiana kazi za nyumbani. Miaka miwili baadaye, katika wosia wa Gaudete et Exsultate namba 144, alikumbusha kwamba Bwana mwenyewe aliona mambo madogo: divai iliyokwisha arusini, kondoo mmoja aliyekosekana, senti mbili za mjane, na moto wenye samaki uliowangoja wanafunzi alfajiri. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mimi ningependa sana mwanze na chai. Katika nyumba nyingi chai ya jioni hunywewa kila mtu akitazama upande wake, huyu simu, yule televisheni. Chukueni vikombe vyenu viwili, mtoke nje, mketi kwenye ngazi au kwenye kigoda karibu na jiko linapomalizikia makaa yake. Januari sehemu nyingi za nchi yetu ni kavu na joto, na jioni upepo hupoa vizuri. Ikiwa maziwa yamekosekana, chai ya rangi inatosha. Msizungumze deni, mmeshalipangia siku yake. Mwulize mwenzako jambo moja lililomchekesha leo. Siku ya kwanza atakujibu, "Hakuna." Siku ya tatu atakuwa nalo tayari, maana mtu anayejua ataulizwa huanza kuangalia. Dakika 15 zinatosha, kisha kila mmoja arudi kwenye kazi zake.

Maembe nayo yako kwa wingi msimu huu, hasa Pwani na Ukambani, na sokoni bei yake hushuka. Baba, ukipita sokoni jioni, leta embe moja lililoiva. La mkeo, si la watoto. Watoto watalalamika, na ni vizuri wakue wakijua kwamba mama yao pia hununuliwa kitu. Mama, nawe mtengee mumeo kile kipande anachokipenda, na umwite kwa jina lile ulilomwita kabla hajawa Baba Fulani.

Jumapili, mkitoka Misa, rudini kwa miguu kama njia si ndefu, watoto wakitangulia. Watu wa kijijini walizoea hivi zamani, na mambo mengi ya nyumba yalimalizwa njiani kabla ya kufika.

Nimesikia wanaume wengine wakisema hayo ni mambo ya sinema. Sikubali. Kumngoja mtu na kumwekea chakula chake kikiwa cha moto si mambo ya kigeni kwetu. Kilicho kigeni ni kula kila mtu na sahani yake chumbani.

Wale walio mbali na wenzao nao wana somo hapa. Mume yuko kazini Mombasa na mke yuko shambani, au mke amekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba na mume amebaki na watoto. Simu ikiwa ni ya kuomba pesa tu, na majibu yakiwa ni ya kueleza kwa nini hazipo, itafika siku mtu ataiona simu ya mwenzake na kuiacha ilie. Pigeni moja kwa juma isiyo na neno pesa ndani yake. Mweleze kwamba mtoto ameng'oka jino, kwamba ng'ombe amezaa, kwamba bado unalala upande wako wa kitanda.

Kuhusu tendo la ndoa nitasema kwa kifupi. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 7:5, anawataka mume na mke wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, ili wasali. Hasira ya Januari haimo katika ruhusa hiyo. Lakini pia mtu asidai usiku kile ambacho mchana kutwa amekifukuza kwa maneno makali. Kinaanzia kwenye ile chai.

Hapa lazima nitoe tahadhari, maana somo kama hili huweza kutumiwa vibaya. Mume mwenye pesa ya baa na asiye na pesa ya karo asije na embe moja akidhani amemaliza. Furaha ndogo haichukui nafasi ya wajibu. Na penye kupigwa, au vitisho, usiambiwe na yeyote, hata na katekista, kwamba uvumilie kwa kupika chai. Toka kwanza uende mahali salama, kisha paroko na wasimamizi wenu wa ndoa waitwe.

Kwa juma hili naomba kila nyumba ifanye mawili: jioni ya daftari mara moja, na chai ya nje angalau mara tatu. Mnaposhika vikombe, ulizaneni maswali haya, mmoja akijibu na mwingine akisikiliza bila kukatiza.

Ni lini mwezi huu uliogopa kuniambia jambo, na ni nini nilichofanya kikakufanya uogope?

Katika Krismasi iliyopita, ukiacha chakula na nguo, ni nini kilichokufurahisha ambacho tungeweza kukirudia hata Jumanne ya kawaida?

Ni jambo gani dogo unalonifanyia kila siku, nami sijawahi kulitolea asante?