Dondoo Muhimu: Koti na Sketi ya Mtihani

Mtahiniwa wa ushoni aazimiaye kuukabili mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, kwa koti na sketi vya kitambaa kimoja, aingiapo Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na anunue mahitaji yake yote katika jora moja, kwa maana rangi za majora mawili, zijapofanana ndani ya duka, huumbuana juani. Pamba iroweshwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, isije ikarudi baada ya kushonwa.

Taabu hasa i katika mkono wa koti. Fundi wa kanzu wa Mji wa Kale, aliyezoea mkono ulionyooka, asidhani kwamba ujuzi ule, ambao kwa hakika ni wa kuheshimiwa, watosha hapa. Kwani kichwa cha mkono huu hukatwa kikubwa kuliko tundu lake, hivyo hana budi apitishe safu mbili za bandi pembezoni, avute nyuzi taratibu hata ziada imezwe pasipo kikunjo, aitulize kwa pasi ya mvuke juu ya mto mgumu, ndipo apeleke cherehani.

Bitana iwe nyepesi, yenye nafasi mgongoni.