Andika Saa Zako Kwanza: Kukokotoa Gharama ya Mapambo ya Nywele Unayoshona Nyumbani

Tangu tarehe 29 Agosti 2025, kifurushi cha vitenge kutoka Dar es Salaam au Nairobi hakiingii tena Marekani bila ushuru kwa sababu tu thamani yake haizidi dola 800. Msamaha huo umesimamishwa, na washonaji wa Washington D.C. na miji jirani ya Silver Spring, Hyattsville na Alexandria wanalalamika kwamba kitambaa kimepanda na faida imekwisha. Malalamiko yana msingi. Anayepanga bei kwa kukumbuka alichonunulia doti ya kanga mwaka juzi anajidanganya, na hata vipande vilivyobaki kwenye gauni la mteja si vya bure, maana vikiisha utaingia dukani kama wengine. Lakini tunasema wazi jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kitambaa si mwizi mkubwa katika biashara hii. Anayekula mtaji ni saa ya kazi isiyoandikwa, na ilikuwa haiandikwi hata kabla ya ushuru kubadilika.

Chukua skranchi, ile raba ya nywele iliyovishwa kitambaa, na tuseme unaiuza dola 4 kupitia soko la mtandaoni la Etsy. Tuseme kitambaa, lastiki na uzi vinafika senti 65. Mtandao huo unatoza senti 20 za kuorodhesha bidhaa, asilimia 6.5 ya mauzo, kisha asilimia 3 na senti 25 za kupokea malipo. Jumla ni senti 83, na ada hiyo ya asilimia 6.5 inagusa pia nauli ya posta unayomtoza mteja. Unabaki na dola 2.52, na hapo ndipo wengi husema wamepata faida. Sasa hesabu dakika. Ukikata, kushona, kugeuza, kupitisha lastiki na kupiga pasi kwa dakika 12, kisha ukatumia dakika 6 kupiga picha, kumjibu mteja na kufunga mzigo, hizo ni dakika 18, na malipo yako ni dola 8.40 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa saa Washington kilipanda hadi dola 17.95 Julai 2025, na Maryland ni dola 15. Na bado serikali kuu haijachukua chake. Aliyejiajiri akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka hulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, inayokatwa kwenye sehemu kubwa ya faida hiyo, na dola 8.40 zinashuka hadi karibu dola 7.21. Kima cha chini cha taifa zima, ambacho hakijaongezwa tangu 2009, ni dola 7.25. Mwenye cherehani yake na ujuzi wake anajilipa chini ya hapo, na anaita biashara.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na tunausisitiza kwa sababu unapuuzwa: andika dakika kabla ya kuandika kitambaa. Pima kwa saa ya ukutani au ya simu, kwa mzigo mzima, usikisie. Dakika 18 kwa kima cha Washington ni dola 5.39, ongeza senti 65 za vifaa, kisha jumlisha ada za mtandao, na bei isiyo na faida hata senti moja ni kama dola 7.17. Sindano, mafuta na fundi wa cherehani havijaingia humo. Ukipeleka mzigo saluni kwa mali kauli, mwenye saluni atachukua fungu lake mahali pa ada ya mtandao, na mara nyingi fungu hilo ni kubwa kuliko ada. Usiweke bei kabla hujajua ni kiasi gani. Kodi ya mauzo, asilimia 6 Maryland na vilevile kaskazini mwa Virginia, si mapato yako hata siku moja. Usiichanganye na hesabu hizi.

Tunajua jibu litakalotolewa: duka la vipodozi linauza pakiti nzima kwa dola chache, nani atanunua moja kwa dola 8? Swali ni la haki, ila linahusu kama bidhaa hiyo inafaa kushonwa, halibadilishi gharama yake. Kata vipande vingi kwa pamoja, shona mshono mmoja kwa mzigo wote ndipo uende mwingine, na dakika zitapungua kweli. Kama bado haitoshi, acha skranchi ziwe nyongeza kwa anayenunua kilemba au kofia ya kulalia yenye bitana ya satini, vitu ambavyo mteja anakubali kulipia kazi. Wengine husema, nashona usiku watoto wakishalala, saa hiyo hainunuliwi na mtu. Hoja hii ndiyo hatari tunayoihofia zaidi. Siku likija agizo la vipande 200 la harusi, utamwita jirani akusaidie, na ukimwajiri sheria inakudai kima cha chini kwa kila saa yake. Bei uliyoijenga juu ya saa za bure haitamlipa. Utamlipa kutoka mfukoni, au utamdhulumu.

Na wanaoshonea watoto wa miaka 12 na chini waongeze gharama nyingine. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, yenye makao Bethesda, husimamia sheria ya 2008 inayoweka kikomo cha madini ya risasi. Kitambaa peke yake kwa kawaida hakihitaji kupimwa risasi. Klipu za chuma, vifungo vilivyopakwa rangi na shanga ni habari tofauti. Mzalishaji mdogo anaweza kujisajili kwa tume hiyo ili kupunguziwa baadhi ya vipimo, na masharti yake yamo kwenye tovuti yao. Usajili hauondoi kipimo cha rangi wala cha vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Gharama ya kipimo igawe kwa idadi ya vipande utakavyouza, iingize katika bei pamoja na dakika zako, na kama bei inayotoka hapo hailipiki, toa klipu ya rangi na utumie lastiki tupu.