Muuguzi Akikuuliza Jina Mara ya Tatu

Mkazi wa Kimana akilazwa hospitalini anaweza kuulizwa jina mahali pa usajili, aulizwe tena wadini, kisha aulizwe mara ya tatu muuguzi anapomjia na sindano. Wengi huudhika. "Si mmeshaandika kwenye faili?" Somo la toleo hili linaeleza swali hilo linatafuta nini, na kwa nini ni heri muuguzi anayeuliza kuliko yule anayekupa dawa kimya kimya.

Tuanze na tukio ambalo Wakenya wengi wanalikumbuka. Februari 2018, katika Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alihitaji kupasuliwa kichwa ili kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo. Mwingine alikuwa na uvimbe kichwani ambao haukuhitaji kisu. Aliyepelekwa katika chumba cha upasuaji ni huyo wa pili. Madaktari walimfungua fuvu, na saa kadhaa zikapita kabla ya kugundua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwepo.

Nchi ikashtuka. Watu wanne walisimamishwa kazi: daktari wa upasuaji, muuguzi wa wadi, muuguzi wa kupokea wagonjwa katika chumba cha upasuaji, na mhudumu wa nusukaputi. Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, aliagiza mkurugenzi mkuu wa hospitali aende likizo ya lazima. Madaktari wanaosomea ubingwa nao walimtetea mwenzao, wakisema kosa lilianzia kwa waliomtayarisha mgonjwa na kumwekea jina. Kwa siku nyingi mjadala ukawa ni wa nani wa kulaumiwa.

Lakini itazame upya orodha hiyo ya watu wanne. Mgonjwa alitoka wadini, akapokewa, akalazwa usingizi, akapasuliwa. Hayo ni malango manne, na kosa lilipita yote. Mfugaji yeyote wa Kajiado analielewa jambo hili. Ua wa miiba ukiwa na pengo usiku mmoja, mbwa wakalala na mlinzi akasinzia, simba ataingia. Ukimfukuza mlinzi peke yake, pengo la ua bado lipo.

Kazi ya kuziba mapengo hayo ndiyo inayoitwa utamaduni wa usalama wa mgonjwa, na si jambo la hospitali za matajiri tu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji: ukurasa mmoja wenye mambo 19, husomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajaondoka chumbani. Huyu ni nani? Anapasuliwa nini, upande gani? Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, mji wa mashambani usio tofauti sana na miji yetu midogo. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, kwa hospitali zote 8 pamoja, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100 waliopasuliwa, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Karatasi na kalamu!

Karatasi peke yake, hata hivyo, haimwokoi mtu. Inaweza kujazwa yote baada ya upasuaji, watu wakiwa wamechoka, ilimradi sahihi ionekane. Inafanya kazi pale ambapo muuguzi mwenye miaka miwili kazini anaweza kumwambia daktari bingwa, "Daktari, tusubiri kidogo, jina hili halilingani," na daktari akasubiri bila kumfokea. Na pia pale ambapo muuguzi aliyeshika chupa isiyo yake, akaigundua kabla ya kumdunga mgonjwa, anaweza kuliandika tukio hilo bila kuogopa barua ya kusimamishwa kazi. Akilificha, kesho mwenzake atashika chupa ile ile inayofanana na nyingine kwenye rafu ile ile.

Hii haina maana kwamba hakuna wa kuadhibiwa. Anayekuja zamu akiwa mlevi, au anayemtelekeza mgonjwa kwa makusudi, ana kesi ya kujibu, na Baraza la Wauguzi la Kenya lina mamlaka juu ya leseni za wauguzi. Lakini kuteleza kwa mtu anayejitahidi ni jambo lingine.

Kuna ukweli mwingine ambao jarida la serikali ya kaunti halipaswi kuukwepa: idadi ya wauguzi. Utafiti wa nchi 9 za Ulaya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 za kulazwa huongezeka kwa asilimia 7. Hao walikuwa wagonjwa wa upasuaji katika nchi zenye uwezo. Wakazi wana haki ya kuuliza swali la wauguzi kila bajeti ya afya ya kaunti inapojadiliwa hadharani, na waulize kwa sauti ile ile wanayoulizia barabara na maji.

Turudi kwenye jina. Katika wadi moja ya Loitokitok au Kitengela si ajabu kuwakuta akina Naserian wawili, na mtoto mchanga bado hana jina, anaitwa mtoto wa fulani. Ndiyo maana jina moja halitoshi. Muuguzi hutafuta alama mbili: jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa, au namba ya faili. Mzee anayehesabu umri wake kwa rika na abebe kitambulisho. Na swali lenyewe lina namna yake. "Wewe ni Naserian?" ni swali baya, kwa sababu mgonjwa mwenye homa, au bibi anayeongea Kimaa pekee, ataitikia kwa kichwa jina lolote. Swali zuri ni "Unaitwa nani?" Ukisikia la kwanza, taja jina lako lote bila kungoja.

Jamaa wa mgonjwa, mwacheni ajibu mwenyewe kama anaweza. Kama hawezi, ajibu mmoja tu anayemfahamu vyema. Akihamishwa kutoka Kimana kwenda hospitali ya Loitokitok au ya rufaa ya Kajiado, ulizeni barua ya rufaa iko kwa nani, na kama imeandikwa dawa alizokwisha kupewa na saa alizopewa. Bebeni pakiti za dawa anazotumia nyumbani, na mzitaje pia za mitishamba hata kama mnaona aibu.

Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unakupa haki ya kuelezwa matibabu yako na haki ya kulalamika, na unakudai utoe habari sahihi kuhusu afya yako. Kwa hiyo dawa ikija na rangi usiyoizoea, uliza kabla ya kumeza. Ukiwa na lalamiko, anza na muuguzi msimamizi wa wadi, kisha msimamizi wa hospitali, na uandike tarehe, saa na wadi uliyokuwa.