SOMO LA FAMILIA: TUMTUNZEJE NDUGU YETU MGONJWA WA AKILI?

Masomo: 2 Wafalme 20:1-7, Marko 5:1-20, Mathayo 4:24



Mwezi huu tunajifunza juu ya ugonjwa ambao familia nyingi huuficha kwa aibu. Wauguzi huuita skizofrenia, na hali ya kurukwa na akili inayoambatana nao huitwa saikosisi. Lengo letu ni kujua namna ya kumtunza mgonjwa huyu nyumbani, na kuelewa kwa nini dawa zake hazikatizwi hata anapoonekana amepona.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Mtu mwenye saikosisi hushindwa kutenganisha yaliyopo na yasiyokuwepo. Husikia sauti zinazomtukana au kumwamuru. Huamini kwamba jirani ametia sumu katika chakula. Husema maneno yasiyoshikana. Mwingine hunyamaza tu, haogi, wala hajali mtu. Skizofrenia mara nyingi huanza katika ujana au kabla ya mtu kufika miaka 30, na huweza kudumu muda mrefu. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwahi kukadiria kwamba mtu kama 1 kati ya 300 anao. Kwa kadirio hilo, kambi ya watu 60,000 ina wagonjwa kama 200. Kwa hiyo familia yenye mgonjwa haiko peke yake.

Ugonjwa huu unahusu kazi ya ubongo. Huweza kufuata ukoo, na bangi huongeza hatari. Si uvivu, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Mathayo 4:24 inataja wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Basi na sisi tusiseme kila ugonjwa ni pepo.

Tena tuwe waangalifu. Sisi tuliokimbia vita tuna hofu za kweli. Kuota milio ya risasi, kushtuka usiku, au mjane kusikia sauti ya marehemu mumewe siku za msiba, hayo peke yake si skizofrenia. Aliyezoezwa kupima ndiye atakayetofautisha.

2. Kwanza angalieni homa

Mtu aliyekuwa mzima akichanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, apelekwe hospitali saa ile ile. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au ugonjwa wa uti wa mgongo, na kuchelewa kunaua. Mama aliyejifungua karibuni akianza kusema mambo ya ajabu naye apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

3. Mfano wa Hezekia

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamwambia kwamba amesikia. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uletwe, ukawekwa juu ya jipu, naye akapona. Maombi yalikuwa yamekwisha kujibiwa, lakini dawa haikuachwa. Nabii hakuona aibu kuiagiza.

Basi tumwombee mgonjwa, tena kila siku, na kidonge chake apewe kwa saa yake. Asiambiwe atupe dawa ili aonyeshe imani. Asilazimishwe kufunga. Kama kanisa lina mfungo, wazima wafunge kwa ajili yake, yeye ale.

4. Dawa zake

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, chlorpromazine, ilianza kutumika mwaka 1952 huko Paris. Baadaye ikaja haloperidol, na sindano ya fluphenazine ambayo kwa wengi huchomwa kama mara moja kwa mwezi. Sauti na hofu haziondoki kwa siku moja. Hupungua polepole, kwa wiki kadhaa.

Chukueni mfano wa kijana aliyeanza vidonge mwezi wa tatu. Mwezi wa sita anateka maji na kuimba kwaya. Mama anafurahi, anasema mwanangu amepona, na vidonge vinaachwa. Mwezi wa kumi kijana yuko barabarani tena, nguo zimechanika, na familia inasema amerogwa upya. Kumbe kilichorudi ni ugonjwa ule ule uliokuwa umezuiwa na dawa. Baada ya mara ya kwanza kuugua, wataalamu hushauri dawa ziendelee angalau miezi 12 tangu apate nafuu. Aliyeugua mara nyingi huhitaji muda mrefu zaidi. Kupunguza au kuacha kunaamuliwa pamoja na daktari au muuguzi.

Ni kweli dawa hizi zina madhara: usingizi, mikono kutetemeka, mwili kuwa mzito, kutotulia miguu, mate kutoka. Msinyamaze. Mwambieni muuguzi, maana dozi hubadilishwa na ipo dawa ya kutuliza baadhi ya hayo. Shingo ikipinda au macho yakipanda juu, nendeni siku hiyo hiyo. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa ni hatari kubwa, msingoje asubuhi.

Familia inayohama kambi, inayorudi nchini, au iliyopata safari ya ng'ambo, isiache kadi ya mgonjwa na iombe dawa za njiani mapema. Wengine huficha ugonjwa kwa kuogopa kesi yao. Lakini mgonjwa asiyejulikana hawezi kupangiwa dawa za safari.

5. Nyumbani ndiyo wodi yake

a) Mtu mmoja ashike kazi ya kumpa dawa, ahakikishe amemeza, na azifiche mbali na watoto.
b) Msibishane na sauti anazosikia, wala msimcheke. Mwambieni: "Mimi siisikii sauti hiyo, lakini naona unaogopa. Niko hapa na wewe."
c) Semeni kwa upole, mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kelele na matusi humrudisha nyuma.
d) Ale, anywe maji, aoge, alale usiku. Pombe na bangi zisimkaribie.
e) Apewe kazi ndogo kwa kadiri ya nguvu zake: kufagia, kupalilia, kuchambua maharage.
f) Akisema anataka kufa, aulizwe wazi, asiachwe peke yake, na kamba, panga na vidonge viondolewe. Apelekwe hospitali upesi.

6. Juu ya minyororo

Katika Marko 5 watu walimfunga yule mtu kwa minyororo, wala haikumsaidia. Yesu alimponya, kisha akamrudisha kwa watu wa nyumbani mwake. Lakini kufunga watu hakujaisha: mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba wagonjwa wa akili hufungwa katika nchi kama 60, hata mahali pa maombi. Mkristo mmoja wa Benin, Grégoire Ahongbonon, aliyekuwa fundi wa matairi, alianza kazi ya kuwafungua wagonjwa wa namna hii huko Ivory Coast, na kuwapatia dawa, chakula na kazi. Hakuwa daktari.

Mgonjwa akiwa mkali, ondoeni watoto na vitu vya hatari, mpeni nafasi, kisha mwiteni mhudumu wa afya. Hospitali wana namna ya kumtuliza. Kamba inamuumiza na kumfundisha kutuogopa.

7. Kazi ya kanisa

Mama anayelinda mgonjwa usiku kucha naye huchoka hadi kuugua. Wapendwa wapeane zamu: mmoja akae na mgonjwa wakati mama analala, mwingine amsaidie siku ya kupokea posho, mwingine amsindikize kliniki. Mgonjwa wa kike asiachwe kutangatanga usiku, maana wabaya humvizia. Na anapopata nafuu, arudishiwe nafasi yake kanisani.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini Isaya aliagiza dawa wakati Mungu alikuwa amekwisha kujibu maombi?
2. Mgonjwa wetu akisema, "Nimepona, sitaki dawa," tumjibu nini?
3. Katika kijiji chetu ni nyumba gani inahitaji mtu wa zamu wiki hii, na nani atakwenda?

Tuombe: Ee Bwana, wakumbuke wote ambao akili zao zimesumbuka. Wape wauguzi hekima, wape walezi nguvu, na utuondolee sisi aibu na hofu, ili nyumba zetu ziwe mahali pa kupona. Amina.