Somo: Kabla ya kununua moteri ya okazyo, pima silinda



Moteri ya gari la koperative ikikufa, viazi vinaozea depo. Wengi wanakimbilia kutafuta moteri ya okazyo hapa Goma. Lakini moteri iliyooshwa vizuri inje inaweza kuwa imelika ndani, na pesa ya wote ikapotea. Mukienda kununua, muende na fundi wenu, si wa muuzishaji.

Silinda inalika juu ya nini?

Pistoni inapanda na kushuka, na segma zake zinasugua ukuta wa silinda. Mafuta yakizeeka, ao vumbi ikipita filtiri ya hewa, silinda inalika mbio. Vumbi ya mawe ya volkano katika barabara zetu inakata kama musasa. Panapolika zaidi ni juu, pale segma ya kwanza inapogeukia: moto ni mukali na mafuta ni kidogo.

Hatua za kupima

1. Gusa moteri mbele ya kuwasha. Ikiwa na joto, iliwashwa mbele mufike. Ngojeni ipoe, maana uchovu wake unaonekana vizuri ikiwaka baridi.

2. Angalia moshi. Wa bluu: mafuta ya moteri yanaungua. Mweusi: esansi ao mazutu ni mingi kupita hewa, hiyo peke yake haihukumu silinda. Katika moteri ya esansi, mweupe usioisha mara nyingi ni maji yanayoingia ndani.

3. Moteri ikizunguka polepole, fungua kifuniko cha mafuta. Pumzi ikisukuma mukono kwa nguvu, gesi inapita pembeni ya segma.

4. Pima kompresyo. Kwa moteri ya esansi: ipate joto, toa buji zote, kata moto wa buji na esansi, kanyaga akselereta mpaka chini, zungusha demareri. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi: moteri inayotoa bari 12 kule Mombasa itatoa karibu 10 hapa. Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda. Moja ikipungua zaidi ya 15 kwa mia, mwaga ndani kijiko kimoja cha mafuta, upime tena. Ikipanda, segma ao silinda imelika. Isipopanda, tatizo ni supapu ao jointi ya kulasi. Kwa moteri ya mazutu, usimwage mafuta.

5. Kulasi ikifunguliwa, pitisha ukucha juu ya silinda. Ukikwama kwenye ngazi, kuna kulika. Kisha ingiza segma mupya, uisukume na pistoni ikae sawa, upime mwanya wake juu, halafu chini kabisa. Gawa tofauti kwa 3. Mfano: juu mm 0,75, chini mm 0,45, tofauti 0,30, basi silinda imepanuka karibu mm 0,10. Hapo andaeni pesa ya alezaji.

Bei ya kweli

Jumulisha bei ya moteri, alezaji, pistoni na segma za kipimo kikubwa, na kazi ya fundi. Ndiyo bei ya kupigia kura. Muuzishaji akikataa musipime, rudini na pesa yenu.

Ya kuzungumuza katika mukutano

– Filtiri ya hewa ya gari letu ilisafishwa lini?
– Nani anaandika tarehe ya kubadilisha mafuta?